Deni la Misri, na Jinsi Lilivyofungua Mlango wa Kutawaliwa

Somo hili ni katika kueleza namna madola ya Ulaya yalivyozitwaa nchi za watu katika zama za viwanda vya mvuke. Nchi zilizotwaliwa zama hizo ni nyingi, na kuzitaja zote ni kumchosha msomaji bila ya kumfunza. Kwa hiyo imechaguliwa nchi moja, nayo ni Misri, kwa kuwa khabari zake zimehifadhiwa kwa tarikhi na kwa hesabu, na kwa kuwa njia iliyotumika huko ndiyo iliyotumika, kwa kupunguza na kuzidisha, Tunis na Morocco na kwengineko.

Watu wengi hudhani kwamba Mzungu aliingia Misri kwa mizinga. Mizinga ilikuwako, na itatajwa mahali pake. Lakini ilikuja mwisho. Kabla yake zilipita nyaraka kwa muda wa miaka 28, tangu 1854 mpaka 1882, na nyaraka zilizo kubwa katika hizo zilitiwa muhuri na Mwislamu aliyekaa katika kiti chake cha enzi, wala hapana aliyemshika mkono. Jambo hili ndilo linalotaka kuzingatiwa. Mzinga humwamsha aliyelala, ama waraka humkuta mtu yu macho ukampita.

HAJA YA VIWANDA

Kwanza yapasa kujua ni kitu gani kilichowatoa watu wa Ulaya makwao. Haikuwa tamaa peke yake, kwani tamaa wanayo watu wote, na katika zama zote. Kilichozidi ni kiwanda. Zamani mfumaji wa Kiingereza alikuwa akifuma nyumbani kwake kwa mikono, kama walivyokuwa wakifuma watu wa Mogadishu, na pamba aliyoihitaji ilikuwa kidogo. Ilipokuja mashine ya mvuke, mtu mmoja akawa azungusha pia mamia za kusokotea nyuzi, na mji wa Manchester na miji iliyouzunguka ikawa yala pamba usiku na mchana. Na pamba haimei Uingereza kwa sababu ya baridi. Basi haja ya kwanza ni kupata pamba katika nchi za jua. Haja ya pili ni kupata wa kuvaa hizo nguo, kwani zilizofumwa zilikuwa nyingi kuliko waliokuwako kuzivaa.

Haja ya tatu ni ya fedha yenyewe, na katika somo hili ndiyo iliyo kubwa. Faida za viwanda zilirundikana katika mabenki ya London na Paris. Mwenye fedha akiikopesha serikali yake mwenyewe alikuwa akipata riba ya tatu katika mia kwa mwaka, basi akatafuta mahali pa kupata saba au zaidi. Mwingereza mmoja, J. A. Hobson, aliandika kitabu katika 1902 akadai kuwa hii fedha iliyokosa kazi kwao ndiyo asili ya kutwaliwa nchi za watu. Waliokuja baada yake wamekhitalifu. Wako wasemao kuwa madola yaliogopana yenyewe kwa yenyewe, na kwamba Mwingereza alichokililia Misri si riba bali ni njia ya kwendea Hindi. Kwa kweli katika mambo ya Misri sababu zote mbili zinaonekana, na mwenye kuishika moja akaiacha ya pili hakupata khabari kamili.

Muhammad Ali, aliyeitawala Misri tangu 1805 mpaka 1848, aliliona jambo hili mapema. Katika 1821 ilianza kulimwa huko pamba ya nyuzi ndefu, iliyo bora kabisa kwa mashine. Muhammad Ali akajifanya yeye ndiye mnunuzi wa pekee: ainunua kwa mkulima kwa bei aitakayo yeye, kisha awauzia Wazungu kwa bei ya Ulaya, na faida aitia katika viwanda vyake vya nguo na vya silaha na katika jeshi. Mpango huu ulimdhulumu mkulima, na hilo halina shaka. Lakini faida ilibaki Misri. Katika 1838 Waingereza walifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Stambuli, ambaye Misri ilikuwa chini yake: ununuzi wa pekee uondolewe katika milki zake zote, na bidhaa za Ulaya ziingie kwa ushuru wa tano katika mia. Muhammad Ali hakuutii mpaka manowari za Kiingereza zilipompiga katika pwani ya Sham, katika 1840, na mwaka uliofuata akawekewa mpaka wa askari 18,000, wasizidi. Viwanda vyake vikafa. Havikufa kwa mkataba peke yake: nchi haina makaa ya mawe, mashine ziliharibika kwa vumbi, na wafanya kazi waliletwa kwa nguvu. Walakini baada ya hapo hata aliyetaka kuvifufua hakuwa na ushuru wa kuvilinda.

MFEREJI

Aliyekuja kutawala katika 1854 ni Said, mwana wa Muhammad Ali. Alikuwa na rafiki Mfaransa, jina lake Ferdinand de Lesseps, waliyejuana tangu Said ni kijana mdogo. Imesimuliwa sana kwamba Muhammad Ali alikuwa akimnyima mwanawe chakula kwa kuwa alikuwa mnene, naye akienda nyumbani kwa yule Mfaransa akilishwa tambi kwa siri. Iwe kweli isiwe, mwaka ule ule alioshika utawala alimpa rafiki yake ruhusa ya kuchimba mfereji wa kuunga Bahari ya Sham na bahari ya Rumi.

Msomaji na atazame masharti. Kampuni itaumiliki mfereji kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa. Serikali ya Misri itapata 15 katika mia ya faida. Kampuni itapewa ardhi bure, na wachimbaji katika kila watano wanne wawe Wamisri, nao waletwe na serikali. Hisa zilipouzwa katika 1858 watu wa Ulaya hawakuzinunua kama ilivyotarajiwa, na Said akazichukua zilizobaki, zikafika karibu 177,000 katika hisa 400,000. Kwa kuzilipa ndipo alipokopa, na mkopo wa kwanza wa Misri kutoka Ulaya ni wa 1862.

Kazi ilianza Aprili 1859. Wakulima wapatao 20,000 walikuwa wakichimba kwa zamu, na wakati huo huo wengine wako njiani wanakuja, na wengine wako njiani wanarudi, na mashamba yao hayana mtu. Wengi walikufa. Ismail alipotawala katika 1863 alitaka kuondoa kazi hii ya kulazimishwa, na kuzirudisha ardhi ilizopewa kampuni. Kampuni ikashitaki kwamba imevunjiwa mkataba. Akachaguliwa mwamuzi, na aliyechaguliwa ni Napoleon wa Tatu, mfalme wa Wafaransa, na kampuni ni ya Wafaransa. Katika 1864 alihukumu kwamba Misri iilipe kampuni faranga milioni 84, na katika hizo milioni 38 ni fidia ya kuondolewa wale wachimbaji wa kulazimishwa. Yaani Misri ililipa kwa kuacha kuwadhulumu watu wake. Fedha hizo hazikuwako, zikakopwa.

MKOPO NA HESABU YAKE

Mwanzo wa Ismail ulikuwa mwanzo wa neema. Tangu 1861 mpaka 1865 watu wa Marekani walikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, bandari za kusini zilikuwa zimefungwa, na pamba ya huko haikufika Manchester. Bei ya pamba ya Misri ikapanda mara kadha wa kadha. Wakulima walinunua ng'ombe na vito, na wenye mabenki wa Ulaya wakaja Iskandaria wakakodi nyumba. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, lakini mabenki hayakuondoka.

Si haki kusema kwamba yote aliyoyatumia Ismail yalikuwa ya anasa. Alijenga njia za reli, akatandika nyaya za simu, akachimba mifereji ya maji ya kilimo, akafungua skuli. Alijenga pia majumba ya fahari na nyumba ya michezo ya kuimba, na katika Novemba 1869, siku za kufunguliwa mfereji, aliwakaribisha wafalme wa Ulaya kwa gharama isiyokuwa na kipimo. Akampa Sultani wa Stambuli mali nyingi ili utawala urithiwe na wanawe, na ili yeye aitwe Khediwi. Mambo ya manufaa na mambo ya upuuzi yote yaliingia katika daftari moja, na riba yake moja.

Na hapa yataka kusimama kidogo kwa ajili ya hesabu. Katika 1873 Ismail alichukua mkopo ulioandikwa pauni milioni 32, kwa riba ya saba katika mia. Katika hizo, zilizoifikia Misri hazikuzidi milioni 20 na kitu. Zilizosalia zilikatwa kabla hazijatoka, kwa kuwa hati ziliuzwa chini ya thamani iliyoandikwa, na kwa ujira wa mawakala na mabenki. Na sehemu ya zile zilizofika haikuwa dhahabu bali ni hati za madeni ya Misri yenyewe. Riba ikahesabiwa juu ya 32, nayo ni pauni 2,240,000 kila mwaka. Igawanye hiyo kwa milioni 20 uone: si saba katika mia tena, ni kumi na moja na zaidi. Kisha mtaji wa kurudishwa ni 32.

Mwanafunzi aliyesoma mlango wa qardhi katika vitabu vya fiqhi atauliza: mkopo gani huu ambao kilichoandikwa si kilichokabidhiwa? Katika sharia mkopeshwaji hurudisha mfano wa kile alichokipokea mkononi, na aya ya deni iliyo katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha kuandikwa na kushuhudiwa ili ukweli usipotee. Hapa uandishi ulitumika kuupoteza huo ukweli. Maulamaa wa Al-Azhar walikuwa wakiijua hukmu ya riba kwa dalili zake zote. Lakini kuijua hukmu ni jambo moja, na kusoma hati ya mkopo iliyoandikwa kwa Kifaransa ni jambo jengine, na Ismail hakuwaita waje waisome.

Madeni ya muda mfupi, ya hawala za miezi michache, yalikuwa mabaya zaidi, kwani kila yalipofika wakati wake yalilipwa kwa hawala mpya. Katika 1871 serikali ilitoa sharia iitwayo muqabala: mwenye ardhi akitoa kodi ya miaka sita kwa mara moja, atasamehewa nusu ya kodi milele. Ni kama mtu anayeuza embe za miaka yote ijayo ili anunue chakula cha jioni. Katika 1880 hiyo milele ilifutwa, na waliolipa wakarudishiwa kidogo kidogo sehemu ndogo tu ya walichotoa.

Na katika mwaka wa 1875 ndipo khabari hii ilipogusa pwani ya Waswahili. Ismail, naye amezama katika deni, alitaka kujipatia milki kubwa barani Afrika. Alituma majeshi Habasha, yakashindwa vibaya Gundet mwaka huo, na Gura mwaka uliofuata. Na akatuma manowari chini ya McKillop Pasha, Mwingereza aliyekuwa katika kazi yake, zikaingia Barawa na Kismayu, zikawaondoa askari wa Seyyid Barghash na kushusha bendera yake. Seyyid Barghash alimwendea Kirk, balozi wa Waingereza Unguja. Kutoka London likatoka neno, na jeshi la Misri likaondoka. Sultani mmoja wa Kiislamu aliokolewa na Mwingereza kutokana na Khediwi wa Kiislamu, na huyo Khediwi alitii kwa kuwa fedha zake ziko London. Miezi hiyo hiyo, Novemba 1875, Ismail aliuza hisa zake zote za mfereji, nazo ni 176,602. Waziri Mkuu wa Waingereza, Disraeli, alizinunua kwa karibu pauni milioni nne alizozikopa kwa nyumba ya Rothschild, wala hakungoja Baraza Kuu yao ikutane. Aliyekuwa akiuzwa alikuwa bado atafuta cha kununua.

WAWIA KATIKA HAZINA

Aprili 1876 Misri haikuweza kulipa. Hapo ndipo njia mpya ilipoanza, nayo ni ya kutawala nchi kwa kutawala daftari lake. Mwezi wa Mei iliundwa Sanduku la Deni, na wajumbe wake ni Wazungu waliochaguliwa na madola yao. Madeni yakakusanywa yakawa pauni milioni 91. Mapato ya nchi nzima kwa mwaka yalikuwa kiasi cha milioni tisa au kumi. Mapato ya mikoa maalumu, na ya forodha, na ya njia za reli, yakawa yaingia katika Sanduku moja kwa moja, bila ya kupitia mikono ya Wamisri. Novemba mwaka huo wakaja Goschen kwa niaba ya wawia wa Kiingereza, na Joubert kwa niaba ya wawia wa Kifaransa, wakaweka wasimamizi wawili: Mwingereza asimamie kinachoingia, Mfaransa asimamie kinachotoka. Na katika Agosti 1878 Mwingereza Rivers Wilson akawa Waziri wa Fedha wa Misri, na Mfaransa de Blignières Waziri wa Kazi. Hata hapo hapana bunduki iliyolia.

Katika 1877 mto Nili haukujaa. Mwaka uliofuata njaa ikaingia nchi ya juu, na watu wakafa majiani. Riba ya Mei 1878 ililipwa kwa ukamilifu. Ililipwa kwa kodi zilizotozwa kabla ya mavuno, na waliokosa walipigwa kwa kiboko, ambacho Wamisri hukiita kurbaji. Mkulima alilazimika kuuza nafaka ingali shambani, kwa bei ya mnunuzi. Aliyepiga alikuwa Mwislamu, na aliyepigwa alikuwa Mwislamu, na fedha ilikwenda London na Paris kwa watu ambao pengine hawajapata kumwona Mmisri hata mmoja, na kwao kila jambo lilikuwa la salama: wamenunua karatasi, na karatasi imelipa.

Ismail alijaribu kuwatoa mawaziri wale wa kigeni katika 1879. Madola yakamwendea Sultani Abdulhamid, na tarehe 26 Juni ikaja simu kutoka Stambuli imeandikwa kwa Ismail, aliyekuwa Khediwi wa Misri. Kwa anwani ile tu alijua. Akatawazwa mwanawe Tawfiq.

URABI NA BARAZA

Ahmad Urabi alikuwa mwana wa mkulima, alisoma Al-Azhar kwa muda, kisha akaingia jeshini akapanda mpaka ukanali. Maofisa wa asili ya Kituruki ndio waliokuwa wakipewa vyeo, na wasimamizi wa deni walipotaka kupunguza gharama, waliopunguzwa kwanza ni askari wa asili ya Kimisri. Septemba 9, 1881, alisimama na vikosi vyake mbele ya jumba la Abdin akadai mambo matatu: wizara iondoke, Baraza ya Wawakilishi iitwe, na askari wafike 18,000. Ni hesabu ile ile waliyoiruhusu Wazungu wenyewe miaka arobaini kabla.

Lililokuja kuleta vita si askari, ni Baraza. Wawakilishi walikubali kwamba nusu ya mapato iliyowekwa kwa deni haitaguswa. Walitaka kuitolea rai ile nusu ya pili tu, ya matumizi ya nchi yao. Wasimamizi wakakataa, kwani mwenye kuigusa nusu hii huenda kesho akaiuliza ile. Januari 8, 1882, Uingereza na Ufaransa zilituma waraka wa kumhakikishia Tawfiq kuwa zitamlinda. Kabla ya waraka ule kulikuwa na waliotaka sulhu. Baada yake wote wakawa upande mmoja. Februari Urabi akawa Waziri wa Vita, na Mei manowari za madola mawili zikatia nanga mbele ya Iskandaria.

Juni 11 ikazuka fitina mjini, wakauawa Wazungu wapatao hamsini na Wamisri wengi. Urabi hakuitaka fitina hiyo na askari wake ndio walioituliza, walakini ilitosha kuwa hoja. Julai 11 Admiral Seymour akaipiga Iskandaria kwa mizinga, kwa sababu iliyotajwa kwamba Wamisri watengeneza ngome zao. Wafaransa walikuwa wameondoa manowari zao. Waziri Mkuu wa Waingereza siku hizo ni Gladstone, aliyejulikana kwa kuzilaumu vita za namna hii, na katika mali yake mwenyewe zilikuwamo hati za mkopo wa Misri kwa wingi. Haisemwi kwamba alipiga mji kwa ajili ya hati zake. Ya moyoni ayajua Mungu. Inasemwa tu kwamba zilikuwamo.

Huenda mtu akauliza: maulamaa walikuwa wapi? Walikuwako. Julai ile walikutana Kairo pamoja na wakubwa wa nchi, wakakubaliana kwamba Urabi aendelee kuilinda nchi, na Sheikh Muhammad Ilish, mkubwa wa Wamaliki, alikuwa katika waliomwunga mkono; mwaka ule ule alikufa naye amefungwa. Muhammad Abduh, ambaye mwanzo hakuwa akiipenda haraka ya maofisa, alisimama nao mji ulipopigwa, na baadaye akahamishwa nchi. Lakini mwanzo wa Septemba Sultani Abdulhamid alitangaza kuwa Urabi ni mwasi. Tangazo hilo lilivunja nyoyo kuliko mizinga, kwani aliyekuwa akipigana kwa jina la Khalifa aliambiwa kuwa apigana na Khalifa.

Na Urabi alikosea jambo moja kubwa. Aliambiwa auzibe mfereji. De Lesseps akampa ahadi kwamba mfereji ni wa mataifa yote na Waingereza hawatauingia kwa vita. Urabi akaisadiki ahadi, na Agosti majeshi ya Kiingereza yakaingia kwa njia ile ile, ubavuni mwake. Tarehe 13 Septemba, Tell el-Kebir, Jenerali Wolseley alikwenda usiku kucha akamshambulia alfajiri, na vita kwa muda wa nusu saa hivi vilikuwa vimekwisha. Urabi alipelekwa Ceylon, akarudi 1901 naye ni mzee.

BAADA YA KUINGIA

Waingereza walisema wataondoka mambo yakitengenea, wakalisema mara nyingi. Evelyn Baring, aliyekuja kuitwa Lord Cromer, alikuwa hapo kwanza mjumbe katika Sanduku la Deni. Tangu 1883 mpaka 1907 alikaa Kairo kwa cheo cha balozi tu, na chini ya cheo hicho alitawala. Khediwi alikuwako, mawaziri walikuwako, na kando ya kila waziri mshauri Mwingereza ambaye ushauri wake haukataliwi.

Mwenye insafu hakatai yaliyofanywa mema. Kiboko kilipigwa marufuku, kazi ya kulazimishwa ikapunguzwa sana, bwawa la Aswan likamalizika 1902, na mahesabu yakawa safi. Maji yalipozidi pamba ilizidi, na kufikia 1910 pamba ilikuwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za vitu vyote vilivyosafirishwa kutoka Misri. Hapo msomaji na arudi kwenye zile haja za mwanzo. Watu walipotaka kufuma pamba hiyo kwa mashine hapo hapo Misri, nguo zao zilitozwa kodi ya nane katika mia, sawa na ushuru wa nguo zilizotoka Manchester, ili kiwanda cha nyumbani kisipate nafasi ya kumshinda wa mbali. Na skuli za serikali zikatoza ada, na fungu la elimu likawa dogo kabisa katika mapato.

Juni 1906 maofisa wa Kiingereza walikwenda kijiji cha Denshawai kupiga njiwa, na njiwa wale walikuwa wakifugwa na wanakijiji. Ukazuka ugomvi, na ofisa mmoja akafa kwa jua alipokuwa akikimbia. Wakanyongwa wanakijiji wanne, na wengine wakapigwa mijeledi mbele ya jamaa zao, baada ya kiboko kupigwa marufuku miaka mingi.

Njia hii haikuwa ya Misri peke yake. Tunis iliwekewa baraza ya wawia katika 1869 na ikatwaliwa na Wafaransa 1881. Morocco ilichukua mkopo mkubwa wa Paris 1904, na 1912 ikawa chini ya himaya. Na mwaka huo huo wa 1904 ndio Wafaransa walipowaachia Waingereza Misri, ili nao waachiwe Morocco, bila ya Mmisri wala Mmorocco kuulizwa. Pwani ya Waswahili haikuwa na deni kama lile, lakini mlango ulikuwa karibu na ule: katika 1887 Seyyid Barghash aliwapa Waingereza hati ya kusimamia pwani ya Mombasa, na 1888 Seyyid Khalifa aliikodisha kampuni ya Wajerumani pwani ya Mrima pamoja na forodha zake. Watu wa Pangani walipoona bendera za kampuni zapandishwa, wakainuka pamoja na Abushiri, ndipo walipojua kilichoandikwa. Na 1890 pwani hiyo ikauzwa kwa Wajerumani kwa marka milioni nne.

Misri ilitangazwa himaya katika Desemba 1914, na ikapewa uhuru wenye masharti katika 1922. Sanduku la Deni lilikaa mpaka 1940. Askari wa mwisho wa Kiingereza waliondoka Juni 1956, na Julai 26 mwaka huo Gamal Abdel Nasser akautwaa mfereji. Uingereza, Ufaransa na Israili zikaishambulia nchi kwa ajili yake, kisha zikalazimika kuondoka. Kwa mapatano ya 1958 Misri iliwalipa wenye hisa fidia ya pauni za Kimisri milioni 28 na zaidi. Ile miaka 99 aliyoiandika Said ilikuwa imebakiza miaka kumi.